Mtoto Anayehitajika

Karibu kila klabu ya kujitolea inayoanzishwa shuleni, iwe ya skauti, ya Msalaba Mwekundu au ya mazingira, huwaeleza wazazi jambo moja: mtoto akizoea kuihudumia jamii yake, atajiamini. Naamini ahadi hiyo ni ya kweli, na nitaitetea hapa. Lakini ndani yake mna swali ambalo mtu wa dini hawezi kulipita. Muislamu amefundishwa tangu chuoni kwamba amali hupimwa kwa nia. Mkristo ameonywa katika Injili ya Mathayo asitoe sadaka kwa kupiga tarumbeta. Sasa, tukimpeleka mtoto akamchotee maji bibi kizee asiyejiweza, na lengo letu likawa mtoto arudi akiwa jasiri kuliko alivyokwenda, ni nani hasa aliyehudumiwa? Immanuel Kant, aliyejenga maadili juu ya akili badala ya ufunuo, angeuliza hivyo hivyo, kwani alishikilia kwamba binadamu hafai kutumiwa kama chombo tu cha kumfikisha mwenzake anakotaka. Bibi yule hakuumbwa awe uwanja wa mazoezi ya tabia za watoto wa watu. Wengi hujibu kwamba pande zote mbili zimefaidika, basi yameisha. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu linaiacha nia pale pale ilipokuwa. Ninaloliona mimi ni kwamba kujiamini kunakoletwa na huduma hakumfikii kabisa mtoto ambaye macho yake yako kwake mwenyewe, na kwamba kwa sababu hiyo nia njema na kukua kwa mtoto havigombani.

Tuanze na kujiamini kwenyewe, maana hapo ndipo tunapokosea mara nyingi. Kuna imani iliyoenea sana kwamba mtoto hujiamini kwa kuambiwa kuwa yeye ni mzuri, ana akili, ana kipaji. Marekani waliijaribu imani hiyo kwa kiwango cha serikali. Mwaka 1986 jimbo la California liliunda kikosi kazi cha kukuza hali ya watu kujithamini, kwa matumaini kwamba watoto wakijithamini, kufeli shule, dawa za kulevya na mimba za utotoni vitapungua. Ripoti ilitoka mwaka 1990, na shule nyingi zikaanza kusambaza sifa kwa kila mtoto. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi zilizokwishafanywa juu ya jambo hilo, wakakuta kwamba kujithamini hakumfanyi mtoto afaulu. Pale ambapo vitu viwili hivyo vinaandamana, mara nyingi kufaulu ndiko kunakotangulia. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Claudia Mueller na Carol Dweck walikuwa wameonyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa upesi zaidi walipokutana na maswali magumu kuliko wale waliosifiwa kwa bidii. Naye Albert Bandura, tangu mwaka 1977, alikuwa akieleza kwamba mtu huamini kuwa anaweza hasa baada ya kufanya jambo gumu akaliona limefanyika. Ukiyaweka pamoja, unapata picha iliyo wazi: kujiamini kwa kweli ni ushahidi uliokusanywa. Mtoto anajiamini kwa haki pale anapokuwa na sababu. Sifa bila tendo ni hundi isiyo na akiba, na mtoto huigundua mapema kuliko tunavyodhani.

Mtu atasema kwamba kama ni hivyo, hesabu na mpira vingetosha. Kwa nini huduma? Ni kweli kwamba mtoto anayefumbua swali gumu la hesabu amepata ushahidi wa uwezo wake. Lakini ushahidi huo unahusu uwezo, na mtoto ana shaka nyingine iliyo chini zaidi: je, kuwepo kwangu kunamfaa yeyote? Mtoto ndiye mpokeaji wa kudumu. Analishwa, anavishwa, anafundishwa, analipiwa ada, na katika nyumba yenye dhiki anasikia kila wiki gharama zake zikitajwa. Alama ya hesabu haijibu shaka hiyo. Inajibiwa siku ambayo mtu mwingine, asiye na sababu ya kumbembeleza, anamtegemea na hasikitiki kwa kumtegemea. Mzee aliyesomewa barua yake na mwanafunzi wa darasa la sita hakumpa alama. Amempa habari kwamba kuna mtu duniani ambaye jambo lake limekamilika kwa sababu yeye alikuwepo.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wa zamani kidogo juu ya hili. Katika miaka ya 1950 watafiti walioongozwa na Beatrice na John Whiting walichunguza malezi katika jamii sita za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Nyansongo katika nchi ya Wagusii, Kenya. Kitabu chao cha mwaka 1975 kilionyesha kwamba watoto waliopewa kazi zenye uzito nyumbani, hasa kulea wadogo zao, ndio waliokuwa wepesi zaidi kusaidia na kuongoza wenzao kwa uwajibikaji, na watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliosimama mbele kabisa. Watoto wa mji mdogo wa Marekani waliochunguzwa katika kazi hiyo hiyo walikuwa na kazi chache, na tabia yao ilielekea zaidi kutafuta kuangaliwa na kusaidiwa. Sisemi kwamba maisha ya Nyansongo yalikuwa bora kwa kila hali. Nasema tu kwamba mtoto anayebeba sehemu ya mzigo halisi anasimama tofauti mbele ya watu, na kwamba hili lilijulikana vijijini kwetu kabla ya klabu yoyote kusajiliwa.

Sasa nirudi kwenye nia. Mwaka 1726 Joseph Butler wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mahubiri yake, na ndani yake mna hoja ambayo bado sijaona ikijibiwa. Kulikuwa na wanafalsafa wakidai kwamba kila anayemsaidia mwenzake kwa kweli anajisaidia mwenyewe, kwa sababu anapata raha ya moyo. Butler aligeuza dai hilo. Alisema raha hiyo isingekuwepo kama mtu hakutaka kwanza heri ya mwenzake. Asiyejali njaa ya jirani hafurahi jirani akishiba. Kwa hiyo furaha ya kutoa haiwezi kuwa sababu ya kutoa. Inafuata nyuma ya nia iliyokuwepo tayari. Nachukua hoja hiyo na kuipeleka kwenye kujiamini. Mtoto anayemwendea bibi ili apate ujasiri hatapata ule ninaouzungumzia, kwa kuwa habari anayotafuta, yaani kwamba amemfaa mtu, haiwezi kumfikia kama hamjali mtu huyo. Atakachopata ni picha na cheti. Mtoto anayehangaika kama maji yametosha, kama bibi ameyafikia pale alipoyaweka, kama kesho kuna atakayekuja, huyo ndiye anayejengeka, na anajengeka bila kujua. Mwalimu mlezi anaweza kujua. Hakuna unafiki katika mwalimu kujua kwamba huduma inamkuza mtoto, kama vile hakuna unafiki katika mzazi kujua kwamba saumu inamfundisha mwanawe subira huku mtoto mwenyewe akifunga kwa ajili ya Mola wake. Sharti ni kwamba kazi yenyewe ipangwe kwa kuangalia haja ya anayehudumiwa, na ikitokea haja yake na faida ya mtoto zikavutana, haja ndiyo ishinde.

Pingamizi la kwanza linatoka kwenye tuzo. Nairobi, katika mtaa wa Mathare, kipo chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 kwa jina la MYSA. Kinaendesha ligi kubwa ya soka ya watoto, na tangu mwanzo kimekuwa na kanuni ya ajabu: timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, pamoja na zile za uwanjani. Kutokana na chama hicho ilizaliwa timu ya Mathare United mwaka 1994, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Mtu mwenye kuchunga nia atauliza: huyu anayezibua mtaro kwa ajili ya pointi, amehudumia au amecheza mpira kwa njia nyingine? Na ana ushahidi mkononi. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha jaribio walilofanya Ujerumani kwa watoto wa umri wa miezi 20. Watoto hao husaidia wenyewe, bila kuombwa, mtu mzima akiangusha kitu. Waliopewa zawadi kila waliposaidia walipungua kusaidia zawadi zilipokoma, tofauti na wale walioshukuriwa kwa maneno au wasiopewa chochote. Zawadi ilikuwa imeingia mahali pa nia na kuifukuza.

Pingamizi hili nalipokea kwa sehemu kubwa. Vyeti vinavyogawiwa kwa kila saa ya huduma, nishani za kushonwa begani, alama za kuombea nafasi ya chuo kikuu, vyote vinamfundisha mtoto kuhesabu badala ya kutazama. Lakini Mathare panastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Pointi zile hazimwendei mtoto mmoja. Zinaiendea timu, kwa hiyo anayezoa taka tayari anafanya kwa ajili ya wenzake. Tena ni kauli ya hadhara kwamba mtaro una thamani sawa na goli, katika mtaa ambao watu wa nje wamezoea kuutaja kwa uchafu wake. Na mtaro ukizibuka, maji machafu hayaingii tena nyumbani kwa mama wa mchezaji, jambo ambalo pointi haikulileta na halitafutika ligi ikiisha. Kuhusu hofu ya kujionyesha, Imamu Ghazali aliiandikia kurasa nyingi katika kitabu chake, Ihya, na hakuna aliyeichambua ria kwa ukali kuliko yeye. Hata hivyo alionya kwamba kuacha tendo jema kwa kuogopa ria nako ni mtego wa shetani: tendo lifanywe, na nia itengenezwe tendo likiendelea. Kurani nayo, katika Surat al-Baqara, inasifu sadaka ya dhahiri na kusema ile ya siri ni bora zaidi. Haikuiharamisha ya dhahiri. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuanza na ikhlasi iliyokomaa. Anaanza na pointi, na kuwa pamoja na wenzake, na kutaka kumpendeza mwalimu. Aristotle alisema tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu kabla hatujawa nao, na sioni njia nyingine ya kumkuza binadamu.

Pingamizi la pili ni la kitafiti. Huenda watoto wanaojiunga na klabu hizi ni wale waliokuwa wanajiamini tangu hapo, ndipo klabu ikapewa sifa isiyo yake. Hatari hiyo ipo, na takwimu nyingi zinazotajwa na mashirika haziikwepi. Ndiyo maana nathamini kazi ya Carol Ember, iliyochapishwa mwaka 1973, juu ya wavulana Waluo wa magharibi mwa Kenya. Baadhi ya wavulana hao walipewa kazi ambazo kwa desturi ni za wasichana, za jikoni na kulea, kwa sababu tu nyumbani hapakuwa na dada wa umri unaofaa. Hawakuchagua, wala hawakuteuliwa kwa upole wao. Lakini walionekana kuwa na ubinafsi na ugomvi mdogo kuliko wenzao, na wepesi zaidi wa kusaidia. Vilevile mwaka 2013 Hannah Schreier na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 106 wa sekondari magharibi mwa Kanada. Kwa kura, baadhi walipangiwa kuwasaidia watoto wa shule za msingi kwa takriban miezi miwili na wengine wakasubiri zamu. Waliojitolea walionyesha nafuu katika vipimo vya hatari ya ugonjwa wa moyo, na nafuu kubwa zaidi iliwaendea wale waliozidi kuwa na huruma. Utafiti huo ulipima afya, haukupima ujasiri wa kusimama mbele za watu, kwa hiyo haufungi mjadala. Lakini unaelekea kule kule: faida ilimfuata aliyemwelekea mwingine.

Pingamizi zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la mtoto maskini. Mtu akisimama Tandale au Kibera aseme kwamba huduma hukuza watoto, atajibiwa kwamba watoto wa pale wanahudumu tangu alfajiri. Wanachota maji, wanalea wadogo zao, wanauza maandazi kabla ya kengele ya shule. Mbona wengi wao wanaingia darasani wameinamisha kichwa? Na historia yetu ina somo chungu hapa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na akasisitiza kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua kazi hizo na kuona matunda yake. Katika shule nyingi sehemu ya pili ilisahaulika. Jembe likabaki, uamuzi ukaondoka. Kwenda shambani kukawa adhabu ya mchelewaji, na mahali pengine mavuno hayakujulikana yaliko. Mtoto aliyelimishwa hivyo alijifunza kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa. Naogopa jambo hilo lisijirudie Kenya, ambako Mtaala wa Umilisi umeingiza huduma kwa jamii ndani ya mafunzo yenyewe: nia ya mtaala ni njema, lakini huduma hiyo ikifika darasani kama karatasi ya kujazwa na kutiwa sahihi, itakufa kifo kile kile.

Kinachotofautisha huduma inayokuza na kazi inayokandamiza ni kwamba mtoto amesikilizwa kabla ya kutumwa, na amehesabiwa baada ya kutenda. Mwaka 1991, Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall katika baraza ya nyumba yake wakimlalamikia mambo waliyoyaona: uvuvi wa baruti unaoua matumbawe, ujangili, mateso ya wanyama mitaani. Hakuwapangia kazi. Aliwaachia swali la nini wao wangeweza kufanya, na katika kikao hicho ukaanza mtandao wa Roots & Shoots, ambao leo umeenea katika nchi nyingi. Nguvu ya mwanzo ule, kama ninavyoielewa, ni kwamba vijana wale ndio waliotaja tatizo. Mtoto aliyetaja tatizo, akalijadili na wenzake, akashindwa mara moja na kubadili mpango, anakuwa ametumia sehemu yake ambayo ndoo ya maji ya nyumbani haikuigusa kamwe. Hii haina maana kwamba ndoo ile haina heshima. Klabu nzuri ingeanza kwa kuitambua: kumwambia binti anayelea wadogo zake watatu kwamba tayari yeye ni mhudumu mkubwa kuliko wengi, na kumpa nafasi ya kuwafundisha wenzake anachokijua. Mtoto maskini amezoea kuwa upande wa kupokea katika kila picha ya hisani. Kumweka upande wa kutoa, mbele ya macho ya watu, ni kumrudishia haki aliyokuwa nayo muda wote.

Bado kuna wazee wanaohofia kwamba mtoto anayejiamini hukosa adabu, atajibizana na wakubwa. Hofu hiyo ina msingi pale kujiamini kunapotoka kwenye sifa tupu, maana anayesifiwa bila tendo hajui mpaka wake. Aliyehudumu anaujua. Amekutana na kidonda ambacho hakuweza kukifunga mpaka muuguzi alipokuja, na mzee aliyemfundisha zaidi ya alivyomsaidia. Ila sitaki kuwapoza wazee kwa ahadi ya utiifu. Uskauti uliletwa Afrika Mashariki chini ya ukoloni, katika makundi yaliyotengwa kwa rangi, na watawala waliutumainia kulea raia watiifu. Mwasisi wake, Baden-Powell, amezikwa Nyeri, alikofia mwaka 1941. Mwanahistoria Timothy Parsons ameeleza jinsi vijana wa Kiafrika walivyoichukua sheria ya skauti, inayowafanya skauti wote kuwa ndugu, wakaitumia kudai usawa ambao serikali iliwanyima. Kijana anayejua kwamba jamii inamtegemea ataanza pia kuiuliza maswali. Mzee mwenye haki hana cha kuogopa katika maswali hayo.

Yote haya yanaishia kwenye kipimo kimoja ambacho mwalimu mlezi anaweza kukitumia wiki hii: watoto wasipokwenda, kuna atakayepungukiwa? Safari nyingi za klabu kwenye vituo vya yatima hazipiti kipimo hiki. Basi linafika, sukari na sabuni zinakabidhiwa, nyimbo mbili, picha, basi linaondoka, na watoto wa kituo wamekatizwa mchana wao ili wageni wajisikie wema. Wenyeji wametumiwa, kama Kant alivyohofia, na wageni nao hawakupata kitu, kwa sababu hakuna aliyewahitaji. Linganisha na klabu iliyokubaliana na wazee watano wa mtaa kwamba kila Jumamosi saa tatu asubuhi watoto wawili wawili watafika kwa kila mmoja, na kwamba wasipofika Jumamosi moja watakwenda Jumapili kuomba radhi. Huko mtoto atachelewa siku moja na kumkuta mzee amekaa mlangoni akimsubiri, na atajua maana ya kusubiriwa. Klabu ikichunguza ikaona hakuna anayeihitaji, basi watoto wabaki nyumbani wasaidie huko, na mwalimu atembee mtaani kuuliza upya, akianzia kwa wale wasiofika mlangoni kwa mtu kuomba.